Maana ya bei ya kuyeyusha katika biashara ya vitu vya fedha

Bei ya kuyeyusha ni thamani ya madini halisi ya fedha yaliyomo ndani ya kitu, ikihesabiwa kana kwamba kitu hicho kimeshatiwa tanurini na umbo lake limepotea. Haihesabu kazi ya sonara aliyekifua, haihesabu umri wake, wala haijali kwamba kilikuwa cha bibi. Anayepeleka vikuku, sinia au chetezo cha fedha dukani kwa nia ya kuuza huondoka na manung'uniko kwa sababu yeye alikuja na bei ya kununulia kichwani, ilhali aliye nyuma ya meza anapiga hesabu kwa bei ya kuyeyusha.

Hesabu yenyewe inategemea uzito, usafi na bei ya siku. Bei ya siku hutangazwa kimataifa kwa dola za Marekani kwa kila wakia ya madini ya thamani, ambayo ni gramu 31.1, tofauti na wakia ya kawaida ya gramu 28.35. Usafi husomwa kwa sehemu za elfu: alama ya 925 maana yake ni kwamba katika kila sehemu 1,000 za kitu, sehemu 925 ni fedha na zilizobaki kwa kawaida ni shaba, iliyotiwa ili kukipa ugumu. Vitu vingi vya kale vya pwani yetu na vya Omani havina alama yoyote, kwani mara nyingi vilifuliwa kutokana na reale za Maria Theresa zilizoyeyushwa, sarafu zenye mwaka 1780 ambazo ziliendelea kupigwa kwa mwaka uleule muda mrefu baada ya malkia huyo wa Austria kufariki. Reale moja ina uzito wa takriban gramu 28 na usafi wa 833, na ndiyo maana sonara mzoefu akiona mitali ya zamani, yaani bangili za miguuni, huanza kukisia kutoka hapo, kisha huisugua kwenye jiwe na kudondoshea tindikali mstari uliobaki. Ukigeuka kijani, anajua kwamba anashika shaba.

Tuchukue jozi ya mitali yenye gramu 300 na usafi huo wa 833. Fedha halisi iliyomo ni gramu 250 hivi, yaani wakia nane na ushei. Tukikadiria, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba wakia moja siku hiyo ni dola 30, bei ya kuyeyusha inakuwa kama dola 241. Mnunuzi akitoa asilimia 70, muuzaji anapokea dola 169 hivi. Tofauti ya dola 72 ndiyo inayowakera watu, lakini si faida yote: humo mna fedha inayopungua kwa sababu ya lehemu kwenye viungo, mna ada ya kiwanda cha kusafishia, na mna siku za kungoja hadi kilo za kutosha zikusanyike. Tena, kupima pete ya fedha ya gramu tano kunachukua muda uleule wa kupima pete ya dhahabu, ingawa thamani ya fedha kwa gramu ni sehemu ndogo sana ya ile ya dhahabu. Ndiyo maana pengo kati ya bei ya mfanyabiashara ya kununulia na bei yake ya kuuzia huwa pana zaidi kwenye fedha.

Kuna pia hatari ya bei kuanguka mzigo ukiwa bado kabatini. Januari 1980 bei ya wakia ilikaribia dola 50, na huko Ulaya na Marekani watu wakamiminika madukani kuuza vijiko, masinia na vinara vya familia, vingi vikaishia tanurini. Machi 27 mwaka huohuo bei ikashuka hadi karibu dola 11. Mfanyabiashara aliyekuwa amenunua kwa pengo jembamba mwanzoni mwa mwaka hakuwa na pa kushika.

Hadi hapo sina ugomvi na masonara. Penye utata ni kwenye faida ya pili, ile inayotokana na kutoyeyusha. Mitali ileile ya dola 169 inaweza kusuguliwa, kuwekwa kwenye kitambaa cheusi na kuuzwa kwa mtalii au mkusanyaji kama kazi ya mkono ya karne iliyopita, kwa bei ambayo haina uhusiano wowote na mizani. Nakshi zilizokuwa hazina thamani wakati wa kununua zinapata thamani wakati wa kuuza. Hakuna wizi hapo, maana mnunuzi ametumia ujuzi na kusubiri mteja, lakini muuzaji aliyelipwa kwa gramu ameuza vitu viwili kwa bei ya kimoja.

Kinyume chake pia hutokea, mara nyingi zaidi. Kitu kilichochovywa fedha juu ya shaba au nikeli hakina bei ya kuyeyusha ya kuzungumziwa, hata king'ae namna gani, na herufi EPNS chini ya birika, kifupi cha Kiingereza cha nikeli iliyochovywa fedha, ndizo zinazosema hivyo. Vinara vingi vya mezani vimejazwa saruji au lami ndani ili visianguke, na mpini wa kisu hujazwa vivyo hivyo. Mizani ikionyesha gramu 500, fedha inaweza kuwa ganda jembamba tu. Vito navyo huondolewa kwenye hesabu ya uzito, na si ajabu mnunuzi akavirudisha kwa mwenyewe ndani ya kikaratasi.

Kwa hiyo kabla ya kukubali bei, mwenye mali hupima nyumbani kwa gramu, hutafuta bei ya siku, huzidisha kwa usafi, kisha dukani huuliza swali moja: kitu hiki unakwenda kukiyeyusha au kukiweka kabatini? Akijibiwa kwamba kitayeyushwa, mazungumzo yanabaki kwenye asilimia. Akijibiwa kwamba kitawekwa kabatini, au akiona mnunuzi amekigeuza na kukitazama nakshi kwa muda mrefu kuliko alivyotazama mizani, basi ana haki ya kukifunga tena kwenye leso na kwenda kuuliza duka la pili.