Pemfigasi: maana yake, na kwa nini dawa zake hazikatizwi ghafla

Pemfigasi vulgaris ni maradhi adimu ya ngozi ambapo kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe. Seli za ngozi hushikanishwa na protini ziitwazo desmogleini. Mtu wa Lamu ataelewa upesi akiukumbuka mtepe, chombo cha kale cha baharini: mbao zake zilishonwa kwa kamba, na kamba zikikatika mbao huachana. Kingamwili za mgonjwa, yaani protini za kinga ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, ndizo zinazokata kamba hizo. Maji hujaa katikati, lengelenge likatokea, nalo hupasuka hata kwa kusuguana na shuka.

Mara nyingi huanzia kinywani, na hapo ndipo wengi hucheleweshwa. Mtu hawezi tena achari wala mkate mgumu, anasukutua maji ya chumvi miezi na miezi. Malengelenge yakitoka kifuani, nyumbani wanamtengea sahani yake. Tafadhali msimtenge. Pemfigasi haiambukizi kabisa. Kuleni naye sinia moja.

Kabla ya steroidi, dawa zinazotuliza kinga ya mwili, kuanza kutumika miaka ya 1950, wagonjwa wengi walikufa. Leo dawa ya kwanza huwa steroidi iitwayo prednisoloni, aghalabu kama miligramu 1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 60, kwa vidonge vya miligramu 5, anahesabiwa vidonge 12 asubuhi baada ya kula. Wingi huo huwatisha watu, na wako wanaojipunguzia wenyewe. Hapo ndipo penye hatari. Tezi zilizo juu ya figo hutengeneza kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe, na prednisoloni hufanya kazi kama yake. Mwili ukizoea kuipata kazi hiyo kwa vidonge, tezi hulala. Ukiacha ghafla, presha hushuka, unatapika, unazimia, na unaweza kufa. Anayepanda boti kwenda Faza au Kizingitini achukue dawa za kumtosha na ziada.

Azathioprini au mikofenolati, dawa nyingine za kushusha kinga, huongezwa ili daktari aipunguze prednisoloni polepole. Sukari na presha hupimwa mara kwa mara, na TB huchunguzwa mapema, maana kinga imeshushwa. Rituksimabu, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2018, huondoa seli B, aina ya seli nyeupe za damu ambazo ndizo chimbuko la kingamwili hizo. Hutiwa kwa dripu, kwa kawaida miligramu 1000, kisha nyingine baada ya wiki 2. Ni ghali, lakini mgonjwa ana haki ya kuambiwa kuwa ipo.

Ramadhani ikikaribia, muone daktari mapema. Vidonge vya asubuhi huweza kuhamishiwa daku. Mwenye dozi kubwa au aliyepata sukari huenda akashauriwa asifunge, na dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo.