Kikao na wazazi wa mtoto mwenye ulemavu sasa ni sehemu ya mazoezi ya kufundisha

Tangu idara yetu itangaze kwamba hakuna mwalimu tarajali atakayehitimu bila kufundisha kwa muda katika darasa lenye mtoto mwenye ulemavu, na bila kufanya walau kikao kimoja na familia ya mtoto huyo, maswali yamekuwa mengi. Mengi ni ya msingi na tunayashukuru. Mengine yanachosha kidogo.

Linaloongoza ni hili: "Mimi nasomea Hisabati, sisomei elimu maalumu. Linanihusu nini?" Linakuhusu kwa kuwa mtoto atakuwa darasani kwako. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unadai katika ibara ya 24 elimu jumuishi katika ngazi zote, na unataka mafunzo kwa watumishi wa ngazi zote za elimu. Haukuwatenga walimu wa elimu maalumu ukawaachia wao mzigo wote. Mwaka 2021 UNICEF ilikadiria kuwa duniani kuna watoto wenye ulemavu karibu milioni 240, yaani takribani mmoja katika kila watoto kumi. Mwalimu atakayestaafu akidai hakuwahi kumfundisha hata mmoja, hakuwa anatazama.

Mbinu za darasani hatutazirudia zote hapa, zimo katika kozi. Usiongee huku umeugeukia ubao ukiwa na mtoto anayesoma midomo. Soma kwa sauti unachoandika, mwenye uoni hafifu akufuate. Mtoto mwenye usonji mwambie mapema kama ratiba inabadilika. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayechelewa kutamka jibu, msubiri. Ulimi mzito haumaanishi akili nzito, na kummalizia sentensi si msaada. Mtoto akipata degedege la kifafa, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, tazama saa, na likipita dakika tano bila kukoma ita msaada wa dharura. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Hili tunalisema kila muhula na kila muhula yupo anayeuliza kijiko cha ukubwa gani.

Penye upungufu hasa ni mezani, mwalimu anapokaa na wazazi. Walimu tarajali wetu huandaa andalio la somo zuri, kisha wakikutana na mama wa mtoto wanaanza kumhutubia. Wanamweleza ulemavu wa mwanawe kama walivyousoma wiki iliyopita. Mama huyo ameishi nao tangu siku ya kwanza. Anajua mtoto huchoka saa ngapi, sauti gani humtisha, hushika kalamu kwa mkono upi, na ni ishara gani ya macho inayomaanisha "nataka kwenda msalani". Hakuna kitabu chenye taarifa hizo. Kwa hiyo katika kikao cha kwanza kazi yako ni kuuliza na kuandika: nyumbani anafanya nini mwenyewe, anapenda nini, nini kilishajaribiwa kikashindikana, na familia ingependa aweze nini kufikia mwisho wa muhula. Anza na jambo ambalo mtoto analiweza. Wazazi wengi hawa wamezoea kuitwa shuleni kupewa malalamiko tu, ndiyo maana wengine hukataa wito. Tusiharakishe kusema hawajali.

Baba akiwa kiziwi na mkalimani wa lugha ya alama yupo, mtazame baba unapozungumza naye, si mkalimani. Usimfanye mtoto mwenyewe, wala ndugu yake, kuwa mkalimani wa kikao kinachomhusu. Na mtoto anayeweza kutoa maoni yake, kwa maneno, kwa picha au kwa ishara, aulizwe. Ibara ya 7 ya mkataba huohuo inampa haki hiyo.

Sasa taratibu. Fomu ya ridhaa husainiwa na mzazi au mlezi kabla ya kikao, si baada yake, na hutolewa kwa njia anayoweza kuisoma: maandishi yaliyokuzwa, nukta nundu, au kusomewa mbele ya shahidi. Muhtasari wa kikao huandikwa katika shajara ya mazoezi siku hiyohiyo, bila jina kamili la mtoto. Nakala moja hupewa familia, nyingine mwalimu mlezi wa shule, na ya tatu hubaki kwa mkufunzi. Muhtasari usio na sahihi ya mwalimu mlezi haupokelewi, hata ukiwa umeandikwa vizuri namna gani. Taarifa za kitabibu hubaki katika faili la shule na hazipigwi picha. Atakayetuma picha ya mtoto au ya faili lake kwenye kundi la simu atasimamishwa mazoezi mara moja, shauri litapelekwa kamati ya nidhamu, na hata akionekana hakukusudia atarudia sehemu hiyo yote muhula unaofuata. Atakayeghushi sahihi ya mzazi hatapewa nafasi ya kurudia.

Wapo wazazi walioandika kwetu wakihofu kwamba mtoto wao atageuzwa kifaa cha kufundishia. Hofu hiyo tunaichukulia kwa uzito. Mzazi anaweza kukataa, au kukubali kisha akajitoa katikati, bila kueleza sababu, na huduma anazopata mtoto shuleni hazitaguswa. Mwalimu tarajali naye hatapoteza alama kwa sababu hiyo. Atapangiwa familia nyingine. Anachotakiwa ni kumjulisha mkufunzi kabla ya siku ya kikao kinachofuata, na asirudi kwa mzazi huyo kumbembeleza.