Bunduki ya Upepo Inapogoma Kukokiwa: Imegomea Wapi?

Wateja wengi wanaoniletea bunduki za upepo husema tu kwamba imegoma kukokiwa, nami huwauliza imegomea wapi. Katika bunduki ya springi ambayo hukokiwa kwa kukunjwa mtutu, mkono wa chuma uliofichwa chini ya mtutu huisukuma pistoni nyuma, springi ikibanwa mpaka ulimi wa kifyatulio uinase pistoni. Kwa hiyo mahali safari hiyo inapokatikia huonyesha kipande kibovu hata kabla sijashika bisibisi.

Kwanza ichukulie kuwa ina risasi na springi yake imebanwa, na usiuachie mtutu uliokunjwa hata kwa sekunde moja, kwani pistoni ikiponyoka mtutu hurudi kwa nguvu ya kuvunja vidole.

Mtutu ukikunjika kirahisi bila ukinzani wowote, huenda hakuna ubovu: mtu aliikoki akasahau. Weka risasi, ufunge, uifyatulie kwenye shabaha salama. Usiifyatue tupu, maana bila risasi pistoni hukosa mto wa hewa na kugonga mwisho wa silinda. Mtutu usipokunjika kabisa, mara nyingi jino linaloufunga limeshikwa na kutu, na tone moja la mafuta hutosha. Ila lisifike kwenye tundu la hewa, kwa sababu hewa inayobanwa ghafla hupata joto la kuyawasha mafuta kama ndani ya injini ya dizeli, na mpira wa pistoni huharibika.

Ukikwama katikati huku ukikwaruza, kuna uwezekano springi imevunjika na mizunguko yake imepandana, au mkono umepinda.

Kinachonisumbua zaidi ni kugoma mwishoni, pale mtutu unapofika chini lakini ulimi haunasi. Kijana mmoja aliniletea bunduki yenye alama ya F ndani ya pembe tano, ambayo Ujerumani humaanisha kwamba nguvu yake haizidi jouli 7.5. Aliona ni dhaifu, akaitia springi kali aliyoinunua mwenyewe. Springi ya waya wa milimita 3 yenye mizunguko 35 haiwezi kubanwa ikawa fupi kuliko milimita 105, na nafasi iliyokuwapo nyuma ya pistoni ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Mizunguko ilikutana kabla pistoni haijaufikia ulimi. Alikuwa ameshaanza kuusukuma mtutu kwa goti, na mkono wa kukokia ulikuwa umeanza kupinda.

Fundi mwingine alikuwa amemshauri auchonge ulimi kwa tupa, ushauri ambao sitauunga mkono kamwe, kwa kuwa pembe ya ulimi ikibadilika kidogo tu, bunduki inaweza kujifyatua wakati vidole vinaweka risasi. Ulimi uliolika hubadilishwa. Wake ulikuwa mzima.

Niliifungua nikiwa nimeikaza kwenye kibano, kwa sababu hata bunduki isiyokokiwa springi yake imebanwa kiasi na inaweza kukurushia kifuniko usoni. Nikarudisha springi ya kipimo cha awali, nikaweka mkono mpya, nikaikoki mara 20 nikiwa nimeushikilia mtutu, na kila mara ulimi ulinasa kwa mlio uleule mkavu.