Weusi kwenye picha ya rada si lazima uwe ziwa: mfano wa Titan

Anayesoma picha za rada za Ziwa Kyoga hujifunza mapema kwamba maji matulivu huonekana meusi, kwa sababu mawimbi ya redio yanayotumwa kwa mshazari hugonga uso laini, yakaruka upande wa pili, na karibu hakuna kinachorudi kwenye setilaiti. Lakini mchanga laini nao huonekana mweusi. Ndiyo maana nawasisitizia wanafunzi wangu hapa Kampala kwamba weusi peke yake si ushahidi wa maji, na mfano ninaoupenda ni Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya sayari ya Zohali.

Titan imefunikwa na ukungu mzito ambao kamera za kawaida haziwezi kuupenya. Baridi yake ni nyuzi 179 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo maji huko ni barafu ngumu kama mwamba, na vimiminika vinavyoweza kutuama ni methani na ethani, ambazo hapa duniani ni gesi. Maeneo meusi ya ikweta yaliwahi kudhaniwa kuwa bahari, hadi rada ya Cassini, chombo cha angani kilichoizunguka Zohali, ilipoonyesha kuwa ni matuta ya mchanga.

Julai 2006 rada hiyohiyo ilipita karibu na ncha ya kaskazini, ikaona mabaka meusi kabisa, mengine yakiwa na mifereji inayoingia ndani yake. Kwangu mifereji hiyo ina uzito zaidi kuliko weusi wenyewe, kwani haipatani na matuta ya mchanga. Mwaka 2009 Cassini ilinasa pia mmeto wa jua, kama ule wa uso laini wa kimiminika, katika miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho, juu ya Kraken Mare, mojawapo ya bahari hizo za kaskazini.

Kipimo cha Mei 2013 kilithibitisha zaidi kwamba ni kimiminika. Rada ilielekezwa wima juu ya Ligeia Mare, bahari inayokaribia mara mbili ya eneo la Ziwa Viktoria, na kila pigo la mawimbi likarudisha miangwi miwili: wa kwanza kutoka uso wa bahari, wa pili, dhaifu zaidi, kutoka sakafu yake. Tofauti ya muda kati yake ilitoa kina cha hadi mita 160 hivi, na kwa kuwa mawimbi yalipita bila kufifia sana, ilibainika kwamba sehemu kubwa ya kimiminika hicho ni methani. Kwa rada ya aina hiyo hatuwezi kuona chini ya Ziwa Viktoria, kwa kuwa maji huyanyonya mawimbi hayo karibu na uso. Kina chake hupimwa kwa mawimbi ya sauti kutoka kwenye boti.