Filamu au dijitali: dhana potofu kuhusu kumfundisha anayeanza kupiga picha

Kila ninapowafundisha vijana wa Mikindani na Shangani, hapa Mtwara, hakosekani mzee wa studio anayeshauri kwamba waanze na kamera ya filamu, kwa kuwa mkanda una picha 36 tu na uchache huo humlazimisha mtu kufikiri kabla ya kubonyeza. Ushauri huo ni kweli nusu. Uchache wa picha humfanya mwanafunzi awe mwangalifu, lakini haumwambii alikosea wapi. Mkanda ukirudi kutoka kusafishwa baada ya siku kadhaa, amekwisha kusahau alifungua tundu la lenzi kiasi gani na shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, aliipa kasi gani, isipokuwa kama aliandika kwenye daftari, na waandikao ni wachache. Kamera ya dijitali huhifadhi hayo yote ndani ya kila faili, pamoja na ISO (kiwango cha wepesi wa kunasa mwanga) na saa ya kupiga. Mwalimu anayeitaka nidhamu ya mkanda anaweza kuagiza picha 36 tu kwa mchana mzima, na kukataza kufuta hata moja.

Wapo pia wanaodai kwamba dijitali hujifanyia kila kitu, hivyo hakuna cha kujifunza. Mitambo ya kujiendesha haikuja na dijitali: Minolta Maxxum 7000, kamera ya filamu iliyotoka mwaka 1985, ilikuwa tayari ikijilengea fokasi yenyewe. Tena, kipimamwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Hudhani kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu cha kati. Weka kinyago cha mpingo cha Kimakonde juu ya kitambaa cheusi, uiache kamera iamue, na kinyago kitatoka kimepauka kama kimepakwa vumbi, kwa sababu kamera imeongeza mwanga ili weusi ufikie kijivu. Kesho yake wapeleke wanafunzi kwenye ufuko wa Msimbati, na mchanga mweupe utatoka kama majivu. Mwanafunzi hujifunza kupunguza stopu moja hivi (yaani mwanga nusu; kuongeza stopu ni kuuzidisha mara mbili) kwa kinyago na kuongeza moja hivi kwa mchanga. Filamu inayopimwa kwa kipimo hichohicho hukosewa vilevile, ila mwenye dijitali analiona kosa lake akiwa bado amepiga magoti mchangani.

Dhana inayoharibu picha nyingi zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba kanuni za filamu huhamia kwenye dijitali kama zilivyo. Filamu ya rangi ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, ndiyo maana wakongwe waliozoea mkanda huongeza mwanga kidogo kwa usalama. Katika dijitali, sehemu nyeupe ikishavuka kikomo haina cha kurudisha, ilhali kivuli huweza kuinuliwa baadaye, hasa kwa faili ghafi (RAW), ambayo kamera haijaichakata. Kanzu nyeupe za sikukuu ya Idi, zikipigwa saa sita mchana kwa mazoea hayo, hupoteza mikunjo na darizi zote. Wala skrini ya nyuma ya kamera haiaminiki juani. Afadhali mwanafunzi asome histogramu, grafu inayoonyesha mgawanyo wa weusi kushoto hadi weupe kulia, na akiona mlima umejibana ukutani upande wa kulia, apunguze mwanga.

Kuhusu gharama, kamera ya filamu iliyotumika yaweza kuwa ya bei nafuu, lakini kila mkanda hununuliwa na kila mkanda hulipiwa kusafishwa. Anayesafisha mwenyewe hukutana na jambo lisilosemwa sana: maelekezo mengi ya dawa za filamu nyeusi na nyeupe huwekwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na maji ya bomba ya Mtwara huwa ya moto kuliko hapo kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo ama hufupisha muda wa kusafisha kwa kufuata jedwali la dawa, ama hupoza beseni. Mimi huwaingiza vijana kwenye chumba cha giza baada ya miezi ya dijitali, na siku hiyo kila mmoja huagizwa aje na barafu.