Uhakika wa chakula: kwa nini anayelima ndiye anayenunua

Kibaigwa, wilayani Kongwa, kuna soko la mahindi linalojulikana nchi nzima. Msimu wa mavuno malori hujipanga kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro, mahindi yanapepetwa, yanafungwa kwenye viroba na kuondoka kwenda Dar es Salaam na hata nje ya nchi. Katika mkoa huohuo wa Dodoma, ikifika Januari, kuna kaya za wakulima ambazo jiko huwashwa mara moja tu kwa siku.

Watu wengi wakisikia njaa wanafikiria chakula kimekwisha. Dhana ya uhakika wa chakula haianzii hapo. Mkutano wa Dunia wa Chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 ulisema uhakika upo pale ambapo watu wote, wakati wote, wanaweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe, na uwezo wa kukilipia wanao. Kwa hiyo haitoshi chakula kiwepo nchini, wala haitoshi kiwepo sokoni. Kiwepo ndani ya nyumba, Juni na Januari pia. Tanzania imekuwa ikitangaza utoshelevu wa chakula wa zaidi ya asilimia 100 mwaka baada ya mwaka, na sina ugomvi na hesabu hiyo. Ila ni hesabu ya taifa. Haimwambii mtu yeyote nani ana debe ngapi.

Chukua kaya ya kawaida Dodoma vijijini. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwa mwaka haizidi sana milimita 500 hadi 600. Hata mwaka ambao jumla yake ni nzuri, mara nyingi mvua hukatika katikati ya msimu kwa wiki kadhaa, wakati mahindi yanatoa mbelewele. Mahindi yakikosa maji siku hizo, hata inyeshe vipi baadaye, mabunzi yanabaki na punje za kuhesabika. Mtama na uwele huvumilia, na wataalamu hawachoki kuvihubiri. Lakini anayehubiri si yeye atakayeshinda shambani akiamia kweleakwelea, ndege wanaokula nafaka, wala si yeye atakayetwanga. Na mfanyabiashara akija kijijini huulizia mahindi kwanza.

Tuseme mwaka huu mvua imekwenda vizuri na kaya hiyo imevuna magunia 8. Ni Juni. Kuna deni la dukani, pesa ya mwenye trekta, sare na madaftari, na mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Pesa yote hiyo iko ndani ya gunia, hakuna pengine. Kila jirani naye anauza wiki hiyohiyo, kwa hiyo bei iko chini kabisa. Dalali anakuja na lumbesa yake, gunia lililoshonewa kilemba juu, linalolipwa kama gunia moja huku likibeba debe za ziada. Kaya inauza magunia 4. Kwa mfano tu, debe limeuzwa shilingi 10,000. Januari debe hilohilo linanunuliwa 20,000. Mkulima ameuza mahindi yake rahisi na sasa anayanunua ghali.

Kilichobaki ghalani nacho hakiko salama. Dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kutoka Amerika ya Kati na kuonekana kwanza Tabora, anaweza kugeuza mahindi kuwa unga ndani ya miezi michache. Kwa hiyo hata mwenye subira ana sababu ya kuuza mapema.

Chakula kikianza kuisha, watu hupanga hatua, na mpangilio wake karibu kila mahali unafanana. Kwanza milo inapungua, wakubwa wanajinyima ili watoto wale. Kisha mbuzi wanapelekwa mnadani, ambako wenzao wengi nao wamepelekwa, bei ya mbuzi ikishuka huku ya mahindi ikipanda. Kisha kibarua. Hapa ndipo penye mtego wenyewe, kwa maoni yangu, kuliko hata ukame. Kibarua kinapatikana Januari na Februari, wiki zilezile ambazo shamba la mtu mwenyewe linataka palizi. Anapalilia la jirani ili apate debe la wiki hii, lake linamezwa na magugu, na mavuno ya Juni yanapungua kabla mvua haijatoa hukumu yake. Ukame wa mwaka mmoja unaweza kuisha, lakini kaya ikabaki nyuma kwa miaka mitatu.

Wazee wa Kigogo, wenyeji wa Dodoma, wanaijua njaa iliyoitwa Mtunya, ya kuanzia mwaka 1917 hadi 1920. Mvua ilikosekana, ni kweli. Lakini kabla ya hapo majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo ya vita. Akiba yote ya kukabili ukame ilikuwa imeshaondoka. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa kati ya 150,000.

Leo ukali wa njaa hupimwa kwa mizani yenye ngazi 5 inayojulikana kwa kifupi kama IPC, iliyoanzia Somalia mwaka 2004. Ngazi ya 5 ndiyo janga. Ili eneo zima litangazwe kuwa na baa la njaa, pamoja na vigezo vingine, lazima watu 2 kati ya kila 10,000 wawe wanakufa kila siku. Ndiyo maana tangazo la namna hiyo huja watu wakiwa wameshazikwa. Mauzo ya mbuzi na milo iliyopunguzwa huonekana miezi mingi kabla, kwa anayetaka kuangalia.

Misaada inayofaa ni ile inayogusa kalenda hiyo ya kuuza, kununua na kupalilia. Mifuko ya PICS, yenye matabaka mawili ya plastiki ndani ya kiroba, huwanyima wadudu hewa, na mahindi hukaa hadi Januari bila dawa. Bei yake ni mara kadhaa ya kiroba cha kawaida, lakini inarudi. Stakabadhi ghalani humruhusu mkulima kuweka mazao na kusubiri bei, pale ghala na chama cha ushirika vinapoendeshwa kwa uaminifu. Ruzuku na ajira za muda za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, zikifika Desemba badala ya Julai, humwacha mtu alime shamba lake. Na kwa kaya iliyovuna magunia 2 tu, mfuko mzuri hausaidii kitu: hiyo inahitaji mahindi ya bei nafuu kutoka hifadhi ya taifa ya chakula, yafike kijijini kabla palizi haijaanza.