Hekima ya ghala la mahindi: uzoefu unafika wapi, kipimo kinaanzia wapi

Mkulima mzoefu hupima ukavu wa mahindi kwa jino. Punje ikivunjika kwa mlio mkavu, anaamua kuwa yanafaa kuingia ghalani. Kipimo hicho si cha kudharau, kwani mahindi mabichi hayampiti. Ila jino haliwezi kutenganisha unyevu wa asilimia 13.5 na wa asilimia 16, na ndani ya tofauti hiyo ndogo ndimo kuvu hupata nafasi ya kuota. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Tumechagua ghala la mahindi kwa sababu linaonyesha wazi namna maarifa, uzoefu na elimu vinavyozaa hekima, na namna kimoja kikikosekana gunia zima linavyoharibika. Maarifa ni yale unayoyajua kuhusu kitu chenyewe: mbegu hii huiva lini, mdudu huyu anafananaje. Uzoefu ni wepesi wa jicho na mkono unaotokana na kuifanya kazi miaka mingi. Elimu inakupa sababu ya mambo, ndiyo maana inaweza kukusaidia hata mahali ambapo hujawahi kufika. Mwenye hekima ni yule anayejua swali lipi aulize uzoefu wake na lipi alipeleke kwenye kipimo.

Tuangalie kuhifadhi mahindi kwenye magunzi. Wazee waliyaning'iniza darini juu ya jiko, maganda yakiwa bado juu yake, na yakafika msimu uliofuata. Hawakubahatisha. Mbegu za asili nyingi zilikuwa na maganda marefu yanayoifunga ncha ya gunzi barabara, hivyo fukusi hakupata pa kuingilia, na moshi uliendelea kukausha na kufukuza wadudu. Kisha mambo mawili yakabadilika. Zilikuja mbegu zenye mazao mengi, lakini baadhi yake ganda haliifuniki ncha, kwa hiyo fukusi huanza kutaga mayai mahindi yakiwa bado shambani. Na mwishoni mwa miaka ya 1970 akaonekana mkoani Tabora mdudu mgeni mwenye asili ya Amerika ya Kati, Dumuzi, ambaye wakulima wengi wanamjua kwa jina la Skania. Huyu hupenda gunzi, kwa sababu punje zilizoshikana humpa mahali pa kujishikiza anapotoboa. Yapo maghala ya wakulima wa Tanzania yaliyopoteza hadi theluthi moja ya uzito katika miezi 3 hadi 6.

Uzoefu wa wazee haukuwa na kosa. Ulikuwa sahihi kwa mbegu zile na wadudu wale. Hapo ndipo elimu ilipohitajika: ushauri ukawa kupukuchua mapema, jambo lililokwenda kinyume na mazoea, na kuchanganya punje na dawa ya unga yenye viambato viwili. Mkulima akielezwa kwa nini ni viwili, hasahau: pirimifosi-methili humuua fukusi lakini ni dhaifu kwa Dumuzi, na permethrini humuua Dumuzi lakini ni dhaifu kwa fukusi. Anayeijua sababu hiyo hanunui dawa ya kiambato kimoja kwa kuwa ni rahisi, halafu akasema dawa zote ni maji. Ataangalia pia tarehe ya mwisho ya matumizi, atapima kama kibandiko kinavyoelekeza, na atachanganya kwa koleo juu ya turubai mpaka unga uenee, badala ya kuunyunyiza mdomoni mwa gunia.

Sasa turudi kwenye unyevu. Asiye na kipimaunyevu anaweza kutumia chumvi. Chukua chupa ya kioo safi na kavu yenye kifuniko kinachobana, ya ujazo wa mililita 750 hivi. Kausha chumvi juani au kwenye kikaango, iache ipoe, kisha tia vijiko 2 au 3 vya chakula. Ongeza mahindi mpaka yafike robo au theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika 1 hadi 2, halafu iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, kwa hiyo rudisha mahindi juani. Isipoganda, unyevu uko chini ya hapo, lakini haina maana kwamba umefika 13.5. Ushauri wetu ni kuanika tena siku moja au mbili za jua kali, kisha kupima upya.

Kipimo hiki hudanganya kikifanywa vibaya. Chumvi iliyovuta unyevu hewani huganda hata kama mahindi ni makavu. Mahindi yaliyotoka juani yakiwa moto hutoa mvuke ndani ya chupa. Na sampuli ya juu ya gunia haisemi lolote kuhusu katikati, ambako unyevu hujificha, kwa hiyo chota juu, katikati na chini.

Tunasisitiza unyevu kwa sababu ya sumukuvu. Haina harufu, haina ladha, na punje yenye sura nzuri inaweza kuwa nayo. Kupika ugali hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara, katikati ya Tanzania. Hakuna uzoefu wa miaka mingi unaoweza kuitambua kwa kuonja. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, na hili ni katika yale yasiyoonekana hata ukiishi sana. Kinga ni kukausha juu ya turubai badala ya ardhi tupu, kuchambua punje zilizovunjika, zilizokunjamana au zenye ukungu, na kukoboa, kwani sehemu kubwa ya sumu hubaki kwenye pumba. Punje mbovu zilizotolewa zisipewe kuku wala ng'ombe, maana sumu hiyo huwadhuru wao pia na huingia kwenye maziwa.

Mifuko isiyopitisha hewa, yenye tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba, imewafaa wengi. Wadudu humaliza oksijeni iliyomo, kisha hufa. Haihitaji dawa. Lakini mfuko haukaushi mahindi, bali unafungia unyevu uleule ulioingia nao. Kufunga mahindi yakiwa bado na joto la jua ni kosa lingine la kawaida. Na anayefungua kila wiki kuchota debe moja anaingiza hewa mpya, wadudu wakapata uhai tena. Yatakayoliwa mwanzo yawekwe kwenye mfuko wake peke yake.

Uzoefu usioandikwa nao hupotosha, kwani mtu hukumbuka mwaka wa hasara kubwa na kusahau alichofanya mwaka huo. Jaribu hivi: jaza magunia 2 kutoka rundo moja, kila moja kwa njia yake, uandike tarehe. Kila mwezi hesabu punje 100 bila kuchagua, uone ngapi zina matundu. Baada ya miezi 4 utakuwa na jibu la ghala lako mwenyewe, ambalo sisi wataalamu hatuwezi kukupa tukiwa ofisini. Jaribio hilo lisifanywe kwa mifuko isiyopitisha hewa, kwa sababu kuihesabu kila mwezi ni kuifungua.

Jambo moja linatusikitisha. Mafunzo mengi huita mwenye shamba, wakati mara nyingi anayefungua gunia, kupepeta na kupeleka mashineni ni mama wa nyumba. Yeye ndiye wa kwanza kuona unga chini ya kiroba, dalili ya Dumuzi, na ndiye anayeamua punje ipi itupwe. Mkialikwa kwenye mafunzo ya hifadhi ya nafaka, nendeni wote wawili, na mchukue mfuko mdogo wa mahindi yenu ili yapimwe papo hapo.